Neva ya alna na mkono wako: maswali mnayoniuliza kila siku pale fizio

Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, nafanya kazi huku mashariki mwa Uganda karibu na mpaka, na wagonjwa wangu wengi tunaongea Kiswahili kwa sababu huyu ametoka Busia, yule ni dereva wa loli anaelekea Kigali, mwingine ni mama mfanyabiashara kutoka Congo. Maswali ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu jinsi ninavyowajibu tukiwa tumekaa.

Neva ya alna ndiyo nini? Mimi niliambiwa tu "mshipa umeguswa".

Shida inaanzia kwenye hilo neno mshipa. Kwa Kiswahili chetu wa damu ni mshipa, kano inayovuta kidole ni mshipa, na huu unaobeba fahamu nao ni mshipa, sasa mtu anatoka hospitali ameambiwa mshipa umeguswa na hajui ni upi kati ya hivyo vitatu. Rudi uulize: ni wa damu, ni kano, ama ni neva? Matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Neva ya alna inatoka shingoni, inapita kwapani, inashuka upande wa ndani wa mkono na kuzunguka nyuma ya kiwiko, pale pale ambapo ukijigonga kwenye meza unasikia shoti mpaka kidole cha mwisho. Halafu inashuka hadi kwenye kifundo cha mkono na kuingia kiganjani kupitia kinjia chembamba upande wa kidole cha mwisho, wanakiita mfereji wa Guyon, jina la daktari mpasuaji Mfaransa aliyekieleza mwaka 1861. Ndiyo inayoleta hisia kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na ndiyo inayoamrisha sehemu kubwa ya ile misuli midogo ya ndani ya kiganja, ile ya kutawanya vidole, kuvikusanya, na kubana ufunguo. Misuli midogo hivyo lakini bila hiyo hata kifungo cha shati kinakushinda.

Nitajuaje kama ni hiyo neva na siyo kitu kingine?

Angalia ganzi iko wapi. Kama ni gumba, kidole cha shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine, ya mediani. Kama ni kidole cha mwisho na upande mmoja tu wa kidole cha pete, yaani nusu inasikia na nusu haisikii, hapo tunaongea alna. Pia gusa nyuma ya mkono, upande wa kidole cha mwisho: kama huko unasikia vizuri na ganzi iko mbele tu, mara nyingi shida iko kwenye kifundo, na kama nyuma nako hakusikii shida iko juu zaidi, kiwikoni ama juu yake.

Kuna na kipimo cha karatasi. Bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili kwa pamoja, gumba limenyooka, mtu mwingine avute. Ukiona gumba la mkono mgonjwa limekunja ncha yake ili ling'ang'anie, ujue misuli ya alna imeishiwa na gumba limeenda kuomba nguvu kwa neva nyingine. Wengine wanakuja na lalamiko moja tu, kwamba kidole cha mwisho kimekaa pembeni hakirudi kwa wenzake, kila akiingiza mkono mfukoni kinabaki nje. Hilo nalo ni dalili.

Kama ganzi iko mikono yote miwili na miguu pia, hapo siyo hadithi ya neva moja, nenda upime sukari na mengine.

Inaumia vipi kwa watu wa huku kwetu?

Panga na chupa ndivyo vinaongoza kwa ninaowaona mimi. Mtu anakinga panga kwa mkono, ama anaanguka juu ya kioo, na pale kwenye kifundo neva iko karibu sana na ngozi. Wa pili ni ajali za boda, kiwiko kinavunjika. Halafu kuna madereva wa masafa marefu, sisi huku usukani uko kulia kwa hiyo kiwiko cha kulia kinakaa juu ya dirisha toka Mombasa mpaka Kampala, mfupa wa kiwiko unakandamiza neva saa zote hizo. Na wale wa baiskeli wanaobeba mizigo, mikono inalalia usukani na barabara inatetemesha, hao wanaumia pale kiganjani.

Kuna moja inashangaza watu. Mtoto anaanguka kwenye mwembe ana miaka 6, kiwiko kinavunjika, anapelekwa kwa mtu wa kuunga mifupa, mkono unapona lakini umepinda kwenda nje. Mambo yanakuwa sawa miaka na miaka. Akifika 25 ama 30 kidole cha mwisho kinaanza ganzi na kiganja kinakonda, na hakumbuki kabisa ule mwembe. Ni kwamba mkono ulivyopinda umekuwa ukiivuta ile neva kidogo kidogo miaka yote hiyo. Ndiyo maana huwa nauliza watu wazima walianguka wapi wakiwa watoto.

Kidonda kilishonwa na kimepona vizuri, mbona vidole bado havifanyi kazi?

Swali hili linaniuma kuliko yote. Kushona ngozi siyo kushona neva. Kuna kijana mmoja nilimpokea, anauza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, kando ya barabara, alikatwa na kioo kwenye kifundo, kliniki moja wakamsafisha wakamshona nyuzi saba, kovu zuri kabisa. Hakuna aliyemgusa kidole cha mwisho kumuuliza "unasikia hapa?" Swali la sekunde tano. Alikuja kwangu wiki ya kumi na moja, kiganja kimeshakonda, bonde limeingia kati ya gumba na kidole cha shahada, na vidole viwili vya mwisho vimeanza kukauka vikiwa vimekunjika.

Kwa hiyo nakuomba, ukikatwa popote kuanzia kwapa mpaka kiganja, kabla hujashonwa gusa ncha ya kila kidole na jaribu kutawanya vidole vyote. Kama kuna kidole hakisikii ama hakitii, mwambie daktari hapo hapo, na udai uonwe na mpasuaji. Neva iliyokatika kabisa haijiungi yenyewe, inataka kushonwa, na ikishonwa ndani ya siku chache matokeo ni bora kuliko baada ya miezi.

Kwa nini vidole viwili vinakunjika kama kucha ya mwewe?

Misuli midogo ya kiganja kazi yake ni kukunja vifundo vikubwa vya vidole, vile vya ngumi, na wakati huo huo kunyoosha vile vya mbele. Ikilala, misuli mikubwa ya mkono inabaki inavuta peke yake bila mtu wa kuizuia, vifundo vikubwa vinarudi nyuma na ncha zinakunjika.

Sasa sikiliza hapa kwa sababu watu wanaogopa bure. Ukiumia juu kiwikoni, mkunjo unaweza kuwa mdogo, kwa sababu hata msuli unaokunja ncha za vidole hivyo viwili umelala. Neva ikianza kurudi, ule msuli wa juu ndio unaamka kwanza, unaanza kuvuta, na vidole vinakunjika ZAIDI kuliko mwanzo. Mgonjwa anakuja analia ati fizio imemharibu mkono. Hapana. Hiyo ni habari nzuri, neva imefika nusu ya njia.

Itachukua muda gani?

Inategemea imeumia kiasi gani. Kama imebanwa tu bila kukatika ndani, ni wiki ama miezi michache. Kama nyuzi za ndani zimekatika, neva inaota upya kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku, kama sentimita 2 na nusu mpaka 3 kwa mwezi. Chukua futi upime: kutoka kiwikoni mpaka katikati ya kiganja ni kama sentimita 30, yaani milimita 300, yaani siku 300, na hapo ongeza wiki kadhaa za mwanzo ambazo neva haijaanza kutembea. Ni mwaka mzima ama zaidi. Kwenye kifundo ni karibu, miezi mitatu, minne hivi mpaka misuli ya kwanza ianze kushtuka.

Na msuli nao hausubiri milele. Ukikaa bila neva zaidi ya mwaka mmoja, mwaka mmoja na nusu, unageuka na hata neva ikifika haupokei tena. Ndiyo sababu nawasumbua watu kuhusu kuchelewa.

Sasa kama neva inaota yenyewe, fizio mnafanya nini?

Sisi hatuoteshi neva. Mtu akikuambia anaiotesha kwa mikono yake amekudanganya. Kazi yetu ni kwamba siku neva inafika kiganjani iukute mkono uko tayari: viungo vilaini, ngozi haina vidonda, misuli haijajikunja ikakauka. Nimeona neva zilizoshonwa vizuri sana zikafika kwenye mkono uliokauka kama ukuni, na mwenyewe hakupata faida yoyote, na hilo lingezuilika kwa dakika kumi kila asubuhi.

Baada ya oparesheni ya kushona neva mkono unakaa kwenye plasta ama gango (kifaa kigumu cha kuushikilia usisogee) kama wiki tatu, hapo usiunyooshe kwa nguvu kwa sababu mshono bado mchanga. Vidole vinavyoruhusiwa tunavichezesha, bega pia, watu wanasahau bega linakauka. Baadaye tunafungua njia polepole, tunalainisha kovu kwa mafuta na kidole gumba, tunatengeneza gango la kuzuia vidole visikunjike, tunafundisha hisia upya, na msuli ukianza kuamka ndipo tunauongezea nguvu. Mpangilio huo una maana, ukianza kubana vitu vigumu wakati msuli haujaamka unafundisha misuli mingine kuiba kazi yake.

Nipe mazoezi ya kufanya nyumbani basi.

La kwanza na la muhimu: kwa mkono usioumia, shikilia vifundo vikubwa vya vidole viwili vya mwisho vikiwa vimekunjwa, halafu jaribu kunyoosha ncha. Zikishindwa, zinyooshe wewe kwa mkono huo huo usioumia mpaka mwisho, shikilia uhesabu kumi, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Kama unafanya moja tu, fanya hilo.

La pili, weka kiganja juu ya meza, tawanya vidole kama feni, kisha vikusanye. Kama havisogei vipeleke kwa mkono mwingine huku wewe mwenyewe unajaribu, usikae tu ukiangalia, akili nayo iamrishe. Vikianza kusogea, bana karatasi kati ya kidole na kidole na uvute. Vikipata nguvu zaidi, vaa ile mipira wanayofungia pesa kuzunguka vidole na uvitawanye dhidi yake.

Yule kijana wa rolex alipelekwa akashonwa neva, na baadaye alianza kunijia kila Jumatano na donge la unga wa chapati kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akiba ya kazi yake ya asubuhi. Tulikuwa tunaukanda pale mezani: anaubana kwa gumba lililonyooka dhidi ya ubavu wa kidole cha shahada, anaacha alama, tunaangalia alama ina kina gani. Wiki za mwanzo ilikuwa ni mkwaruzo tu. Mwezi wa sita ilikuwa shimo linaloingia punje ya haragwe. Unga ni mzuri kuliko mpira wa kununua kwa sababu unaweza kuulainisha kwa maji siku mkono umechoka.

Na gango lazima?

Kama vidole vinakunjika, ndiyo. Gango la alna linazuia vifundo vikubwa visirudi nyuma, linaacha ncha ziko huru kunyooka, na linaacha kiganja kishike vitu. Hospitali kubwa wana plastiki maalum inayolainika kwa maji moto, sisi wengine tunatumia plasta, ngozi, waya, hata bomba la maji lililopashwa moto likakatwa vizuri, na linafanya kazi. Cha kuangalia ni ngozi. Mkono huo hausikii, gango likikuumiza hautaambiwa. Livue kila baada ya saa mbili siku za mwanzo, pitisha mgongo wa mkono mwingine utafute sehemu yenye joto, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani haraka. Kama joto bado lipo baada ya dakika 20 lirudishe likarekebishwe.

Mbona napata malengelenge na sijui yametoka wapi?

Sigiri, jiko la makaa. Karibu kila mara ni sigiri, ama kikombe cha chai. Upande wa kidole cha mwisho ndio unaolala juu ya vitu tunaposhika, unaegemea sufuria na hausikii. Geuza masufuria kwa kitambaa kinene, shika mwiko wenye mpini mrefu wakati wa kusonga posho (ugali), pima maji ya kuoga kwa mkono mzima, na kila jioni angalia vidole hivyo kwa macho kama unavyoangalia mguu wa mtoto aliyecheza bila viatu. Ngozi pia inakauka kwa sababu neva ikilala jasho halitoki, kwa hiyo loweka mkono kwenye maji ya kawaida kama dakika 20 kisha paka mafuta ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya shea ya kaskazini ni mazuri sana kwa hili.

Hisia zikianza kurudi zinakuja na fujo, sindano sindano, shati likigusa unaruka. Usiufiche mkono. Uguse na pamba, halafu kitambaa, halafu taulo, halafu uchovye kwenye mchele na maharage, kwanza ukiangalia kisha macho yamefumbwa, ukijaribu kutaja ni nini. Dakika tano mara kadhaa kwa siku.

Mashine ya umeme, vidonge vya vitamini, kuchuliwa na dawa ya moto, vinasaidia?

Vitamini B inasaidia mtu aliyepungukiwa nayo, haiungi neva iliyokatika, na naona watu wanatumia pesa ya nauli ya kuja fizio kununua vidonge. Mashine ya umeme wengine wetu tunaitumia lakini ushahidi wake siyo mkubwa, isiwe ndiyo matibabu yako yote. Kuchua kwa upole na mafuta ni sawa. Kuwekewa kitu cha moto kwenye mkono usiosikia, hapana, hapana kabisa. Nimefunga vidonda vingi vya namna hiyo.

Sijakatwa popote, ganzi inakuja usiku tu. Ni nini?

Mara nyingi unalala umekunja kiwiko, mkono chini ya kichwa. Kiwiko kikikunjwa neva inavutwa na njia yake inabana. Zungushia taulo kwenye kiwiko usiku ulifunge kwa bandeji legelege, likuzuie kukunja sana. Mchana acha kuegemea kiwiko, simu ndefu weka spika. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa. Ila kama nguvu imeanza kupungua ama kiganja kinakonda, usiendelee na taulo tu, huenda unahitaji oparesheni ya kuifungulia neva njia.

Nimesikia ukoma unashika neva hii. Ni kweli bado upo?

Upo, na alna ni moja ya neva unazozipenda zaidi. Ukiwa na baka kwenye ngozi lenye rangi hafifu lisilosikia, na nyuma ya kiwiko unapapasa kitu kinene kama kamba, nenda upimwe bila aibu yoyote. Dawa ni bure, zinanywewa miezi 6 ama 12 kulingana na aina, na neva iliyoanza kudhoofika karibuni, ndani ya miezi 6, inaweza kuokolewa kwa dawa za steroidi pamoja na mazoezi haya haya. Hapa Uganda tuna historia ndefu na hilo: pale Buluba, upande wa Mayuge, daktari Mpolandi Wanda Błeńska alianza kazi mwaka 1951 akahudumia wagonjwa wa ukoma kwa zaidi ya miaka 40. Mama mmoja mgonjwa wangu alificha baka miaka miwili kwa kuogopa majirani, na alichopoteza ni mkono wa kushikia jembe. Tafadhali usifiche.

Nitapata huduma wapi?

Hospitali za rufaa za mikoa, kama Jinja, Mbale, Soroti, Arua, Gulu, Mbarara, zina kitengo cha fizio, uliza pale mapokezi. Mulago Kampala ipo, na hospitali ya CoRSU pale Kisubi njia ya Entebbe wanajulikana kwa upasuaji wa kurekebisha viungo. Nenda na karatasi zako zote na eksirei. Kama nauli ni ngumu mwambie mtu wa fizio wazi wazi, tunaweza kukupangia uje mara moja kwa mwezi na mazoezi yaandikwe, ni bora kuliko kuja mara tatu wiki ya kwanza halafu kupotea.

Nirudi lini kwenye boda?

Ukiweza kubana breki ama klachi kwa vidole vyote mara ishirini mfululizo bila kuangalia mkono, na anayekupima ameridhika. Nguvu ya kushika usukani inategemea sana vidole hivi viwili. Umebeba watu nyuma.

Imeshapita zaidi ya mwaka na kiganja kimekonda, ndiyo basi?

Siyo basi. Wapasuaji wanaweza kuhamisha kano ya msuli unaofanya kazi na kuipeleka kwenye kazi iliyopotea, na mkono unashika tena. Ila hawawezi kuhamisha kano kwenda kwenye viungo vilivyokauka, kwa hiyo lile zoezi la kwanza lianze leo hata kama miaka imepita.

Nitajuaje kwamba neva inarudi kweli?

Gonga polepole kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, ukianzia kiganjani ukipanda kuelekea kovu. Kuna mahali utasikia sindano zinakimbia mpaka kidole cha mwisho, hapo ndipo neva ilipofika. Weka alama kwa kalamu, pima kutoka kwenye kovu kwa futi ya fundi cherehani, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Rudia kila mwezi, siku ile ile. Alama ikisogea sentimita mbili, mbili na nusu kuelekea vidoleni, endelea hivyo hivyo. Ikikaa mahali pamoja miezi mitatu, usingoje wa nne, rudi kwa mpasuaji na hiyo kalenda mkononi.